Kuijaribu Maikrofoni ya Nje ya Simu kabla ya Kwenda Uwandani: Misingi ya Kifonetiki na Utaratibu kwa Mtafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Watafiti wengi wa Kiswahili, hususani wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hukusanya data za sauti kwa simu ya mkononi iliyounganishwa na maikrofoni ya nje. Makala hii inaeleza namna ya kuijaribu maikrofoni hiyo kabla ya kwenda uwandani. Hoja yake ya msingi ni kwamba kusikiliza rekodi na kuridhika nayo si jaribio, kwa sababu sikio la mjuzi wa lugha hujaza kile ambacho chombo kimekipoteza. Jaribio linalofaa huanzia kwenye sauti za lugha yenyewe: vipasuo vyenye mpumuo, vikwamizi dhaifu na tofauti ya meno na ufizi. Makala inabainisha viungo vinne vya mnyororo wa kurekodi, inapendekeza utaratibu wa hatua tano, na inaonesha kwamba maikrofoni inayofaa fonetiki huenda isifae fasihi simulizi.

Maneno makuu: fonetiki akustika, maikrofoni, uwandani, mpumuo, vikwamizi, fasihi simulizi

1.0 Utangulizi

Hugh Tracey, aliyerekodi nyimbo na ngoma za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisafiri na mitambo iliyohitaji gari na jenereta. Leo mtafiti anaweza kupanda mashua kwenda Pemba akiwa na simu mfukoni na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Wepesi huo umewafungulia mlango wanafunzi ambao vyuo vyao havina maabara ya fonetiki. Hata hivyo, umeleta hatari ambayo haikuwapo kwa namna hiyo hiyo katika zama za Tracey. Mitambo ya zamani ilipokosea, kosa lilisikika wazi: mkwaruzo, mvumo au kukatika kwa utepe. Simu inapokosea, mara nyingi hutoa rekodi safi, tulivu na ya kupendeza, lakini isiyokuwa na sehemu ya sauti iliyotafutwa.

Chukua mfano wa mtafiti anayechunguza iwapo vijana wa mji fulani wanatofautisha thamani na samani, au dhana na zana. Akirekodi kwa mnyororo unaokata sehemu ya juu ya sauti, vikwamizi hivyo vitakaribiana katika data. Ataandika kwamba vijana wameacha kutofautisha, ilhali aliyeacha kutofautisha ni chombo chake. Tasnifu itapita, makala itachapwa, na watakaokuja baadaye watanukuu badiliko la kifonolojia ambalo halikutokea. Kama msemaji alikuwa mzee wa lahaja inayopungua wazungumzaji, huenda fursa ya kurudi na kurekodi upya isipatikane tena.

Lengo la makala hii, kwa hiyo, ni kueleza namna mtafiti anavyoweza kujua, kabla ya kuondoka, kwamba sifa ya chombo haitaandikwa kuwa sifa ya msemaji.

2.0 Istilahi na Mnyororo wa Kurekodi

Neno kipaza sauti hutumika kwa vifaa viwili vinavyofanya kazi kinyume: kile kinachopokea sauti ya msemaji na kile kinachoitoa kwa hadhira. Neno kinasa sauti nalo huelekea zaidi kwenye mashine inayohifadhi sauti. Ili kuepuka utata, makala hii inatumia neno maikrofoni kwa kifaa kinachogeuza mtetemo wa hewa kuwa mkondo wa umeme. Neno masafa linatumika hapa kwa maana ya idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi.

Maikrofoni haifanyi kazi peke yake. Ni kiungo cha kwanza katika mnyororo wa viungo vinne, na mnyororo hauwezi kuhifadhi zaidi ya kile kinachopitishwa na kiungo chake dhaifu kabisa.

Kiungo cha kwanza ni maikrofoni yenyewe na mahali ilipowekwa. Faida kuu ya maikrofoni ya nje haitokani na bei yake bali na umbali. Katika eneo lililo wazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hupungua kwa takribani desibeli 6. Simu iliyowekwa mezani sentimita 120 kutoka kwa msemaji hupokea sauti yake ikiwa imepungua kwa takribani desibeli 18 ikilinganishwa na maikrofoni iliyobanwa kifuani sentimita 15 kutoka mdomoni. Kelele za mtaani, kwa upande wake, hazipungui, kwa kuwa chanzo chake kiko mbali na vifaa vyote viwili. Ndani ya chumba chenye kuta tupu, mwangwi nao hubaki karibu vilevile huku sauti ya msemaji ikififia.

Kiungo cha pili ni kiunganishi. Plagi ya milimita 3.5 inayotumika katika simu huwa na sehemu nne za mguso, kwa kuwa hubeba sauti inayotoka na inayoingia kwa pamoja. Maikrofoni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera zina plagi yenye sehemu tatu. Ikichomekwa kwenye simu bila adapta inayofaa, simu huweza kutoitambua na kuendelea kutumia maikrofoni yake ya ndani bila kutoa taarifa yoyote. Suala hili limekuwa gumu zaidi tangu baadhi ya watengenezaji walipoanza kuondoa tundu hilo, kama ilivyokuwa kwa iPhone 7 mwaka 2016, na watumiaji wakalazimika kutegemea adapta zisizofanana kiutendaji. Maikrofoni zinazounganishwa kwa Bluetooth kwa utaratibu ule ule wa vifaa vya kupigia simu zina tatizo jingine: kwa kawaida hupitisha sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Maikrofoni zisizo na waya zenye kipokezi chake cha kuchomeka kwenye simu si lazima ziwe na ukomo huo.

Kiungo cha tatu ni uchakataji unaofanyika ndani ya simu. Simu imeundwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji kueleweka tu. Kwa hiyo, simu nyingi hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, na hufuta chochote kinachofanana na kelele ya mfululizo. Kwa mwanafonetiki, hapo pana mgongano wa moja kwa moja: mpumuo wa kipasuo na mkwaruzo wa kikwamizi ni kelele kwa maana ya kiakustika. Programu inayosafisha kelele haina namna ya kujua kwamba kelele ile ndiyo fonimu. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, mfumo wa Android una chanzo cha sauti isiyochakatwa ambacho programu ya kurekodia inaweza kukiomba, iwapo simu yenyewe inakiwezesha. Mtafiti achague programu inayompa fursa ya kuzima uchakataji.

Kiungo cha nne ni faili. Sauti ya kidijitali huhifadhi masafa yasiyozidi nusu ya idadi ya sampuli kwa sekunde. Sampuli 44,100 huhifadhi mpaka hezi 22,050. Sampuli 8,000 huishia hezi 4,000. Faili ya WAV ya sampuli 44,100 na biti 16 haibani sauti. Faili za AMR, ambazo baadhi ya simu hutumia kurekodia, zilibuniwa kwa ajili ya simu za maongezi na hutupa sehemu kubwa ya taarifa. Kuibadili faili iliyokwisha kubanwa kuwa WAV hakurudishi kilichotupwa. Hubadili chombo tu, kama kumimina maji ya kikombe kwenye ndoo. Aidha, rekodi nzuri inaweza kuharibiwa baada ya kurekodiwa iwapo itatumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp badala ya kuhamishwa kwa waya au kutumwa kama faili kamili.

3.0 Sauti za Kiswahili Zinazodai Uangalifu

Kwa nini rekodi mbovu husikika kuwa nzuri? Jibu limo katika irabu. Fomanti mbili za kwanza za irabu tano za Kiswahili huangukia kwa sehemu kubwa chini ya hezi 3,000. Laini ya simu ya zamani, iliyopitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilitosha watu kuelewana vizuri kabisa. Irabu zikiwa salama, silabi zinahesabika, mkazo unasikika, na maneno yanatambulika. Pale konsonanti inapofifia, msikilizaji anayeijua lugha huijaza kutokana na muktadha bila kutambua kwamba ameijaza. Ndiyo maana uradhi wa mtafiti hauwezi kuwa kipimo. Kuna makundi matatu ya sauti ambayo hayana kinga hiyo.

Kundi la kwanza ni vikwamizi. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000, na huendelea mbali zaidi ya hapo. Ile ya sh huanzia chini zaidi. Th na f ni dhaifu na nguvu yake imetawanyika. Mnyororo unaoishia hezi 4,000 huondoa sehemu kubwa ya kinachotofautisha s na th. Jozi zinazofaa ni thamani na samani, dhana na zana, suka na shuka.

Kundi la pili ni vipasuo vyenye mpumuo. Tucker na Ashton (1942), katika uchunguzi wao wa fonetiki ya Kiswahili, walishughulikia tofauti hii, na inajulikana kuwa ni ya kifonimu katika Kimvita na lahaja nyingine za pwani. Paa la nyumba halina mpumuo, ilhali paa mnyama anao. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Kihistoria, mpumuo huo ni masalia ya nazali ya ngeli iliyodondoka mbele ya kipasuo kisicho ghuna, na ndiyo sababu hupatikana katika majina ya ngeli ya N. Kiakustika, kipasuo kisicho na mpumuo hufuatwa na mrindimo wa nyuzi za sauti baada ya milisekunde chache, na chenye mpumuo baada ya makumi ya milisekunde zilizojaa kelele dhaifu. Kelele hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa na programu ya kusafisha sauti, na ndiyo ya kwanza kumezwa na mvumo wa feni.

Kundi la tatu ni t ya meno na t ya ufizi, ambazo ni fonimu mbili katika lahaja za kaskazini kama Kiamu na Kimvita. Tofauti yake hutegemea mlipuko mfupi wa kuachia na mwelekeo wa fomanti mwanzoni mwa irabu inayofuata. Mlipuko huo ni wa muda mfupi mno, hivyo mbano wa faili na upandishaji wa sauti usiodhibitiwa huweza kuupotosha.

4.0 Utaratibu wa Jaribio

Hatua tano zifuatazo hazihitaji maabara. Zinahitaji chumba tulivu, msemaji mmoja, na kompyuta yenye Praat, programu isiyolipiwa iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba maikrofoni ya nje ndiyo inayorekodi. Anza kurekodi, kwaruza kwa ukucha kichwa cha maikrofoni, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu yenyewe. Mkwaruzo wa kwanza ukisikika kwa mbali na wa pili kwa nguvu, simu haijaitambua maikrofoni. Hatua hii irudiwe kila siku kabla ya mahojiano, kwa kuwa plagi hulegea na simu hubadili mipangilio baada ya kupigiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, simu iwekwe katika hali ya ndege wakati wote wa kurekodi.

Hatua ya pili ni kufichua uchakataji. Rekodi sekunde 15 za kimya, kisha msemaji atamke sentensi moja kwa sauti ndogo, anyamaze kwa sekunde 15, na aitamke tena kwa sauti kubwa. Katika Praat, tazama umbo la wimbi. Kelele ya kimya ikipanda polepole na kushuka ghafla sauti inapoanza, upandishaji wa kiotomatiki unafanya kazi. Kimya kikiwa tupu kabisa, bila hata mvumo wa chumba, kisafisha kelele kinafanya kazi. Sentensi mbili zikilingana kwa ukubwa ilhali msemaji alizitofautisha, vipimo vyovyote vya mkazo vinavyotegemea ukubwa wa sauti havitaaminika.

Hatua ya tatu ni kurekodi orodha ya jozi, na hapa ndipo kiini cha jaribio. Msemaji awe mtu ambaye tofauti inayochunguzwa imekwisha kuthibitishwa kwake, ana kwa ana, na wasikilizaji zaidi ya mmoja. Sababu yake ni ya kimantiki. Tofauti isipoonekana katika rekodi ya msemaji asiyejulikana, haiwezekani kusema kama imekosekana mdomoni au katika mnyororo. Ikikosekana katika rekodi ya msemaji anayejulikana kuwa nayo, mkosaji ni mnyororo.

Orodha ipangwe kwa busara. Maandishi ya Kiswahili hayaoneshi mpumuo, hivyo neno paa likiandikwa peke yake halimwambii msomaji alitamke vipi. Upatanisho wa kisarufi unatatua tatizo hili bila alama za ziada: nimeliona paa hili dhidi ya nimemwona paa huyu, nimeliona kaa hili dhidi ya nimemwona kaa huyu. Maana hujulikana kabla neno halijafikiwa, na sauti inayofuata neno ni ile ile katika sentensi zote. Vikwamizi viwekwe katika sentensi moja ya kubebea, kwa mfano: amesema thamani tena, amesema samani tena. Kila sentensi irudiwe mara tano kwa mpangilio uliochanganywa, ili msemaji asizitie chumvi jozi zilizokaa pamoja.

Hatua ya nne ni kulinganisha. Maneno yale yale yarekodiwe kwa wakati mmoja na vyombo viwili: mnyororo unaojaribiwa na kinasa sauti kinachoaminika kilichoazimwa idarani. Pasipo hicho, tumia simu ya pili inayorekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, ili angalau ijulikane maikrofoni ya nje imeongeza nini. Piga kofi moja mwanzoni. Mlipuko wake utasaidia kuoanisha rekodi mbili. Kurekodi kwa zamu hakutoshi, kwa kuwa hakuna mtu anayetamka neno mara mbili kwa namna moja. Maikrofoni ibanwe kifuani, pembeni kidogo ya mkondo wa pumzi, kwa sababu pumzi ya p yenye mpumuo ikiipiga moja kwa moja hutoa mvumo unaofunika kipimo. Ijaribiwe pia juu ya kanga, buibui au kanzu, kwa kuwa kila kitambaa kina msuguano wake.

Hatua ya tano ni kusoma matokeo. Spektrogramu ya Praat, isipobadilishwa, huonesha masafa mpaka hezi 5,000 tu. Mtafiti asiyeongeza upeo huo hataiona sehemu kubwa ya s hata kama imo. Upeo upandishwe mpaka hezi 11,000 au zaidi. Maswali ya kuuliza ni matatu. Je, kuna mstari wa usawa ambao juu yake hakuna chochote katika faili nzima? Huo ni ukomo wa mnyororo. Je, kelele ya th na ya mpumuo inajitokeza juu ya kelele ya kimya iliyo kabla yake? Je, vipimo vya vyombo viwili vinapanga jozi kwa mpangilio ule ule?

Swali la tatu linahitaji ufafanuzi. Sanker na wenzake (2021), katika uchunguzi uliochapishwa na jarida la Language, walionesha kwamba vyombo na programu za kurekodia hubadilisha vipimo vya kifonetiki. Kwa hiyo, mtafiti asitarajie namba kulingana kikamilifu. Jambo la kuangalia ni iwapo tofauti kati ya wanajozi inasalia. Ikisalia, mnyororo unafaa kwa kulinganisha ndani ya rekodi zake. Haufai kulinganishwa na namba za mnyororo mwingine. Mtafiti akiwarekodi wasemaji wa Unguja kwa maikrofoni moja na wa Mombasa kwa nyingine, kisha akapata tofauti, hana njia ya kujua kama amepata lahaja mbili au maikrofoni mbili.

5.0 Jaribio kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Yaliyoelezwa hadi sasa yanachukulia kwamba sauti inayotafutwa ni ya mtu mmoja. Katika fasihi simulizi, sivyo ilivyo. Fanani anapoita "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", tendo la fasihi liko katika kupokezana huko. Maikrofoni ya kubana kifuani itamnasa fanani kwa ukamilifu na kuiacha hadhira ikisikika kama kelele ya mbali, na kisafisha kelele kikiwa kimewashwa, huenda kikaifuta kabisa. Mchambuzi atakayetegemea rekodi hiyo atakutana na ngano yenye msimulizi mmoja, na huenda akaichambua kama matini iliyosomwa.

Jaribio lake, basi, liwe tofauti. Watu watatu au wanne waketi katika nafasi za hadhira, mmoja asimulie, wengine waitikie, wacheke na wagunegune. Rekodi ichunguzwe kama kila mwitiko unasikika na unaweza kuhusishwa na aliyeutoa. Mara nyingi suluhisho litakuwa vyombo viwili: maikrofoni ya karibu kwa fanani, na simu ya pili iliyowekwa kati ya hadhira, zikioanishwa kwa kofi. Kwa mashairi yanayoghaniwa, jaribio litazame pia vituo kati ya vipande na mwishoni mwa mshororo. Pumzi na kimya cha mghani ni sehemu ya mpangilio wa mizani na mahadhi; upandishaji wa sauti wa kiotomatiki hukijaza kimya hicho kwa mvumo, na mpaka wa kipande huwa mgumu kupimwa.

Maikrofoni ndogo husahaulika upesi na anayerekodiwa. Hilo ni faida kwa uasilia wa data, lakini linamwongezea mtafiti wajibu: ridhaa itolewe maikrofoni ikiwa inaonekana, na msemaji aoneshwe namna ya kuizima.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba maikrofoni ya nje ya simu haiwezi kuitwa nzuri au mbaya bila kutaja swali la utafiti. Maikrofoni inayotosha kwa uchunguzi wa irabu huenda isitoshe kwa mpumuo, na inayotosha kwa mpumuo huenda ikaipoteza hadhira ya ngano. Jaribio lililopendekezwa huchukua chini ya nusu siku, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kurudi uwandani. Inapendekezwa kwamba tasnifu zinazotumia data za sauti zitaje, katika sura ya mbinu za utafiti, aina ya simu, maikrofoni, adapta, programu, mfumo wa faili na umbali kutoka mdomoni, pamoja na matokeo ya jaribio la jozi. Inapendekezwa pia kwamba rekodi ya jaribio ihifadhiwe pamoja na data yenyewe. Msomaji wa baadaye atakayetilia shaka tofauti iliyoripotiwa, au iliyoripotiwa kuwa haipo, ataweza kuifungua na kujua ni kipi kilitoka mdomoni mwa msemaji na kipi kilitoka kwenye chombo.